Mfuko Ambao Haukuiva

SURA YA SITA

Kabula Maduhu alikuwa amelala mahabusu usiku mmoja tu, lakini uso wake ulikuwa umekonda kama wa mtu aliyeuguzwa mwezi. Aliingizwa chumba cha mahojiano saa tatu asubuhi ya Ijumaa, akakaa pale alipoonyeshwa, akalaza mikono juu ya meza, viganja juu, kama mwanafunzi anayesubiri kukaguliwa kucha.

"Mwangaluka," Sajenti Mwanne alimsalimu. Kisukuma chake kilikuwa cha dukani, alikiokota utotoni akimsaidia baba yake kuuza khanga na sabuni pale sokoni Bariadi, lakini kilitosha kulegeza midomo ya watu.

"Mwangaluka, afande."

"Umekula?"

"Sina njaa."

"Hapa hatuli kwa njaa, tunakula kwa ratiba." Alimsogezea andazi na kikombe cha chai. Binti hakugusa.

Mambo yalikuwa haya. Jumanne, saa tisa alasiri, katika mji mmoja, boma la wafugaji huko Mwamapalala, mtoto wa kiume wa miezi saba aitwaye Masalu alichimbuliwa fizi. Alikuwa na homa na anaharisha, bibi yake akatamka kwamba ni meno ya plastiki, yale ambayo watu wengi bado wanaamini huota chini ya fizi za mtoto na kummaliza yasipotolewa. Kazi hiyo kijijini ina mwenyewe, mzee mmoja na spoku yake ya baiskeli. Safari hii spoku haikutumika. Mtoto alipozidiwa na kukimbizwa hospitali, mtendaji wa kijiji alipekua jalala la mji ule akaokota mfuko mdogo, upande karatasi, upande nailoni, umepasuliwa juu, na pembeni yake elevata, kile kichuma cha kulegezea jino kabla ya kung'oa. Mfuko ulikuwa wa kliniki ya meno ya Daktari Januarius, nyuma ya stendi ya Bariadi. Juu yake palikuwa na maandishi ya kalamu: K.M., Jumatatu, 3.

K.M. ni Kabula Maduhu, mwanafunzi wa usaidizi wa tabibu wa meno, yuko kliniki kwa mafunzo ya vitendo, na kwao ni Mwamapalala. Mkuu wa upelelezi hakuona haja ya swali la pili. Alisema Jumatatu faili liende kwa waendesha mashtaka, na chuo kilikuwa kimeshaandika barua ya kumfukuza, kinasubiri muhuri tu.

Mwanne alikuwa na jambo moja lisilomkalia sawa. Jana yake alikaa wodini na Nyanjige, mama wa mtoto, wakala ugali wa chombo kimoja, wakawasema wakwe wote wa Itilima, na katikati ya umbea ule Nyanjige akamwambia alichokiona. Aliyekuja alikuwa mwanamke. Barakoa usoni, kitambaa hadi kwenye nyusi, hakufungua mdomo kusema. Alivaa glavu palepale mlangoni. Akavuta kigoda. Akamfukuza kuku. Akajifunga khanga upya kiunoni. Kisha, kwa glavu zilezile, akaingiza vidole kinywani mwa mtoto. Nyanjige akatumwa maji kisimani, aliporudi mgeni hayupo. Mama mkwe alipoulizwa ni nani, alijibu kwamba hilo ni jambo la nyumbani, akafunga mdomo mpaka leo.

"Nataka nikuonyeshe kitu," Mwanne alisema. Akatoa bahasha ya ushahidi, akaulaza mfuko mezani.

Kabula aliinama. Alikuwa hajaonyeshwa ule mfuko hata mara moja. Alikamatwa kwa herufi mbili alizosomewa. Aliutazama mbele, akaomba ugeuzwe, akautazama nyuma. Kisha akaweka kidole kwenye mshale mdogo uliochapwa pembeni.

"Afande, huu haukuiva."

"Haukuiva nini?"

"Huu mshale hapa, unauona? Pinki. Mfuko ukitoka kwenye mtambo wa mvuke mshale unakuwa kahawia, kahawia ya kukoza. Huu haujaingia kwenye mtambo kabisa. Niliufunga mimi Jumatatu, raundi ya tatu, nikauweka kwenye trei umeme urudi tuupike. Umeme haukurudi siku ile."

"Lakini chuma kilikuwa kimeoshwa."

"Kuosha kunatoa damu unayoiona. Kupika kunaua usichokiona." Alisema kama anayejibu mtihani, halafu akaanza kuhesabu kwa vidole. "Ilikuwa Jumanne saa ngapi?"

"Tisa."

"Wamemwanzishia dawa?"

"Dawa gani?"

"Za kuzuia virusi vya UKIMWI. Kile chuma kimetoka mdomoni kwa mtu mwingine Jumatatu. Damu ya mtu ikikutana na damu ya mtu, una saa sabini na mbili. Zikipita, unampa ya nini?"

Mwanne alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na nusu. Sabini na mbili zilikuwa zinakwisha leo, saa tisa alasiri.

Alipiga simu wodini palepale. Daktari wa watoto alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Sajenti, taarifa yenu wenyewe imeandika kwamba kifaa kilitoka kwenye mfuko uliofungwa. Ndiyo maana sikumwanzishia. Mtoto huyu figo zinasuasua. Nikimpa dawa hizo bila sababu naweza kummaliza kwa mkono wangu. Na sababu unayonipa ni maneno ya mtuhumiwa anayetaka kutoka. Nitaziweka tayari. Wewe niletee kitu cha kushika."

Mwanne alikata simu, akamgeukia binti. "Swali la mwisho. Chonge liko wapi?"

Kabula alifungua mdomo, akaweka kidole katikati ya meno ya chini. "Unaanzia hapa katikati. Moja, mbili, tatu. Chonge ni la tatu, kila upande. Ndilo hilo wanalolisingizia plastiki. Yule mzee wa kijijini hata kuhesabu hahesabu, anafuata uvimbe mweupe, na uvimbe uko kwenye la tatu. Kwa nini?"

Mwanne alifunua faili. Ndani kulikuwa na mchoro wa daktari wa watoto. Mtoto alikuwa ameota meno mawili ya mbele, na majeraha yalikuwa yamegusana nayo, kulia na kushoto. Pale pa jino la pili, si la tatu. Aliyechimba hakuwa mganga, na hakuwa mtu aliyekaa darasani. Labda. Au alikuwa mwanafunzi aliyetetemeka mkono.

"Kula andazi," alisema, akatoka.

*

Ukitaka habari za nyumba usimuulize mwenye nyumba. Mwanne hakuanzia kliniki, alianzia kwa Hashimu, anayeuza juisi na maziwa mgando, ukuta kwa ukuta na Daktari Januarius. Banda la Hashimu halikosi watu wanne watano, na mwenyewe hana siri. Hata akipewa ya kutunza humwasha.

"Dada Mwanne, karibu. Ukwaju au miwa?"

"Ukwaju. Jumatatu umeme ulikatika saa ngapi hapa?"

Watu walicheka. Mmoja akasema usimkumbushe, utamliza.

"Saa kumi kasoro," Hashimu alisema. "Nilikuwa nimejaza friji mbili, siku ya mnada. Ukarudi Jumanne saa sita mchana. Maziwa yote niliwapa mbwa, na mbwa wenyewe walinusa wakaniangalia kama nimewatukana."

"Jirani yako si ana jenereta?"

"Anayo wapi? Iko Binza kule Maswa tangu wiki iliyopita, ilikwenda kwenye sendoff ya shemeji yake. Jumanne asubuhi nilimwomba nikidhani imerudi. Akaniambia mvumilivu hula mbivu. Mimi na maziwa yangu."

Mwanne alimeza ukwaju polepole. "Na mle ndani, ukimtoa daktari, kuna nani?"

"Kabula mliyemchukua. Mama Generoza anayefanya usafi, huyo wa miaka sita, anajua kila kitu. Na Marcelo, mwanafunzi mwingine." Hashimu akainama, sauti ikashuka kiasi cha kusikika na watu watano badala ya kumi. "Huyo Marcelo mtazameni. Jumanne alikodi pikipiki ya mdogo wangu, ikarudi magharibi imejaa vumbi la Mwamapalala mpaka kwenye taa."

"Umejuaje ni la Mwamapalala?"

"Kwani vumbi si naliona?"

"Marcelo ana mchumba huko," mtu mmoja akadokeza kutoka kwenye benchi.

"Mchumba au mteja wa meno, mimi sijui," Hashimu alisema. "Ila barakoa anazo, glavu anazo, na khanga ya mwanamke kila mtu anaweza kujifunga."

Saa nne na dakika arobaini. Mwanne alilipa, akatoka.

*

Daktari Januarius alikuwa mtu mrefu, mwenye tabasamu la kibiashara, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Alimkaribisha chumba cha vyombo bila kinyongo. Upande wa kushoto palikuwa na sinki, meza na trei iliyo wazi. Katikati mtambo wa mvuke, mkubwa kama sufuria la harusi. Upande wa kulia kabati la kioo lenye kufuli, na ndani mifuko imepangwa, kila mmoja na mshale wake wa kahawia iliyokoza.

Mwanne aliutoa ule wake, akaubandika kwenye kioo. Pinki.

"Daktari, mbona huu rangi yake nyingine?"

"Umekaa jalalani siku mbili, afande. Jua la Simiyu linachubua hata mabati."

"Limechubua mshale likaacha wino wa kalamu?"

Tabasamu lilibaki pale lilipokuwa, ila macho yalihama. Alivuta droo, akatoa daftari la mtambo. "Tuache kubishana rangi. Soma."

Mwanne alisoma. Jumatatu, raundi ya tatu, imeingia saa kumi na robo, imetoka saa kumi na moja. Imekamilika. Chini, saini ya daktari mwenyewe.

"Kabula aliufunga, mimi nikapika, yeye akaiba," daktari alisema. "Mfuko ukifungwa hapa na kusainiwa ni safi. Na niseme kwa faida ya yule mtoto: mshukuru Mungu ulikuwa safi. Mkianza kutangaza vinginevyo mtatisha mji mzima, watu warudi kwenye spoku."

Mwanne hakumwambia habari ya maziwa ya Hashimu. Alifunga daftari, akalibakiza mkononi.

"Niitie Marcelo."

Kijana alikuja amevuta pumzi kabla hajaulizwa. Ndiyo, alikwenda Mwamapalala Jumanne. Hapana, si kwa meno. Alikwenda kuonyeshwa kwa baba mkwe, wakamweka juani na ng'ombe tangu saa nane mpaka jua linazama, wakitaka kuona kama mtu wa mjini anajua kukamua.

"Unajua?"

"Alinipiga teke, afande."

"Nani, baba mkwe?"

"Ng'ombe." Alikunja suruali kuonyesha.

Mwanne alitaka kucheka, akaacha. Teke la ng'ombe si ushahidi wa saa tisa. Alichukua boksi la glavu mezani akampa. "Vaa."

Marcelo alivaa, haraka, bila vidole vitupu kugusa kiganja cha glavu.

"Nishikie hii simu nikaandike."

Mikono ya kijana iliruka juu hadi usawa wa kifua, ikabaki hapo kama ya mtu aliyenyooshewa bunduki. "Iweke mezani, afande. Nikiishika hiyo, hizi natupa."

"Hata bila mgonjwa kwenye kiti?"

"Mkono umeshazoea. Ukiwa na glavu hugusi kitu zaidi ya kinywa na vyombo. Kabula ndiye balaa zaidi, ukimgusa bega akiwa nazo anavaa upya."

Mwanne alisimama akiwa amenyoosha simu hewani. Kigoda, kuku, khanga, halafu kinywa. Mtu aliyefika Mwamapalala alijua kwamba glavu zinavaliwa. Hakujua kwa nini.

Saa sita kasoro robo.

Mlango ulifunguka, Mama Generoza akaingia kinyumenyume akivuta ndoo. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mnene wa haki, glavu mikononi, barakoa imeshushwa kidevuni. Aliwasalimu wote, akamsogeza daktari kwa kiwiko ili apite, akarudisha kiti mahali pake, akapangusa jasho la shingo.

"Mama, samahani," Mwanne alisema. "Nishikie simu hii kidogo."

"Lete, mayu, lete mama." Aliipokea kwa mkono wa glavu, akaipangusa kioo kwa kidole gumba, akamrudishia. "Ina vumbi."

Marcelo ndiye aliyeanza kuelewa, akautazama ukuta.

Mwanne alivuta kigoda akaketi ili amtazame mama yule kwa chini. Alizungumza kwa upole, kama wanaopanga foleni ya maji. "Mama Generoza, kwenu ni wapi?"

"Bariadi hapahapa."

"Na uliolewa wapi?"

"Mwamapalala. Marehemu mume wangu alikuwa wa huko."

"Basi bibi yake Masalu ni nani kwako?"

Ndoo iliwekwa chini taratibu. "Wifi yangu."

Daktari Januarius akaingilia. "Afande, huyu mama nimekaa naye miaka sita, hawezi hata..."

"Daktari, nitakuhitaji baadaye."

Mama Generoza alivua barakoa, akaikunja mara mbili, akaishika. Hakulia. Alionekana zaidi kama mtu aliyetua mzigo. "Kabula hajui lolote. Nilikuwa nije kusema. Jana nilifika mpaka geti la kituo, miguu ikakataa. Wifi alisema mtoto akipona hakuna kesi, nisubiri apone kwanza. Kwani hajambo sasa?"

"Ilikuwaje, mama?"

"Walikuwa wanampeleka kwenye spoku. Mimi nimesikia redioni spoku inaleta pepopunda. Nikamwambia wifi, kama ni lazima meno yatoke basi yatoke kwa kitu safi. Jumanne asubuhi nikachukua kimoja hapa. Yule mzee akakataa, akasema hashiki chuma cha hospitali. Mtoto anachemka. Nikasema nimeona kazi hii miaka sita, nitashindwa nini? Nikavaa kama wanavyovaa."

"Ulichukua wapi? Kwenye kabati?"

"Kabati lilikuwa na kufuli. Pale." Alinyoosha kidole kwenye trei iliyo kushoto mwa mtambo. "Mifuko ilikuwa minne, nikachukua mmoja."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili, kabla hawajafika. Gizagiza humu ndani, umeme haukuwepo."

Mwanne alihisi daftari likiwa zito mapajani. "Na ulijuaje kwamba ni safi?"

Mama Generoza alimtazama kana kwamba swali lilikuwa la kitoto. "Si ulikuwa umefungwa? Una saini? Daktari kila siku anampasulia mgonjwa mfuko mbele ya macho yake, anamwambia, unaona, umefungwa, ni safi. Mimi nipo nyuma yake na fagio, nasikia. Hajawahi kusema neno lingine."

Mwanne alimwomba Marcelo atoe mfuko mmoja kabatini, akaulaza kando ya ule wa jalalani. Kahawia na pinki.

"Huu umepikwa, mama. Wako haukupikwa."

Mama yule aliinama. Alitazama mshale mmoja, akatazama wa pili, akarudi kwa wa kwanza. "Kwa hiyo nilimwekea..."

"Bado kuna muda."

Alipiga picha mifuko yote miwili, akapiga picha trei, akamrekodi Mama Generoza akirudia maneno mawili tu: trei ipi, na saa ngapi Jumanne. Akatuma wodini, akapiga simu. Iliita, ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Saa sita na nusu. Akapiga ya muuguzi, akaambiwa daktari yuko chumba cha upasuaji, amesema asisumbuliwe.

"Msumbue."

"Afande, siwezi kuingia..."

"Wewe ni mama?"

"Ndiyo."

"Mwambie ni kitu cha kushika. Nipo kwenye laini, sikati."

Alisubiri akiwa amesimama. Mama Generoza alikuwa ameketi kwenye kigoda alichokiacha sajenti, mikono imening'inia. Marcelo aligeuzageuza boksi la glavu. Nje Hashimu alikuwa anamsimulia mtu kitu, watu wanacheka. Dakika kumi na tisa zilipita, kisha sauti ikaja, nzito, ya mtu aliyevua barakoa sasa hivi.

"Nimeona picha. Una uhakika trei hiyo haikuingia kwenye mtambo? Daftari linasemaje?"

Mwanne alimtazama Daktari Januarius. Daktari alimtazama yeye.

"Daftari linadanganya," alisema. "Umeme haukuwepo tangu Jumatatu saa kumi kasoro mpaka Jumanne saa sita, na jenereta iko Maswa. Nina mashahidi banda zima."

"Basi tunaanza."

Saa saba na dakika ishirini muuguzi alimpigia. Mtoto amemeza. Alitapika nusu, wamempa tena, imekaa. Siku ishirini na nane za dawa, figo zikivumilia, kisha vipimo. Wakati huo tu ndipo watakapojua. Nyanjige ameambiwa, na ameomba aletewe yule binti wa Maduhu, anataka kumtazama usoni.

Mwanne alipiga simu kituoni, akaagiza Kabula atolewe, arudishiwe simu na mkanda wake, apelekwe hospitali kwa gari, si kwa miguu. Barua ya chuo ataishughulikia mwenyewe.

"Vizuri," Daktari Januarius alisema, akikunjua mikono. "Haki imetendeka. Nami nina wagonjwa wanne nje tangu asubuhi."

"Waambie warudi nyumbani."

"Afande?"

Mwanne aliliingiza daftari kwenye bahasha ya ushahidi, akaitia gundi, akaandika tarehe. "Asubuhi umeniambia tumshukuru Mungu mfuko ulikuwa safi. Ulikuwa unajua mtoto yuko wodini, na ulikuwa unajua hukupika. Ile raundi ya tatu, daktari, uliipika kwa moto gani?"

Daktari alianza kuvua koti jeupe.

"Vaa tu. Wagonjwa walione linavyotoka mlangoni."

Land Cruiser ya polisi ilikuwa imeegeshwa mbele ya banda la juisi, na benchi lote lilikuwa limesimama kutazama. Mama Generoza alipanda kwanza, akaketi katikati ya kiti cha nyuma. Alipomwona daktari wake anapandishwa nyuma yake aliinuka nusu, kama alivyozoea miaka sita, akasogea mpaka dirishani, akapangusa kiti kwa kiganja.

"Karibu, daktari," alisema.